Marehemu Wameifungua Folda Yangu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa na simu sikioni na stepla mkononi, nikimsikiliza marehemu akinigombeza.

Marehemu mwenyewe ni mzima wa afya. Ni shangazi wa mke wangu, dada wa baba mkwe. Ukoo mzima unamwita Shangazi Redio, kwa sababu jambo likimfikia saa tatu, saa tatu na robo limeshawafikia hata waliolala.

Kwa aliyekuwa na shughuli zake wiki ile, nitamfikisha tulipo kwa hatua chache. Mimi ni mpangaji kurasa katika duka la uchapaji. Tunatengeneza kadi za harusi, vyeti na mihuri, lakini kinachotuweka mjini ni ratiba za mazishi. Wafiwa huja saa nne wakitaka nakala mia mbili kabla ya saa sita, na wasifu wa marehemu hawana. Ukiwauliza alisoma wapi, wanalia. Ukiwauliza alizaliwa lini, wanagombana.

Na wakifiwa wakwe zangu, ndiyo kabisa. Mkwe hakatai, mkwe hachoki, mkwe hana foleni.

Basi nikaona niwe na akili. Nikawaandikia wakwe zangu wasifu kabla ya wakati. Watu kumi na mmoja, wote hai, wote wanakula vizuri. Kila mtu na faili lake, tarehe ya kufa nimeacha wazi. Nikaziweka kwenye folda moja, nikaiita AKIBA.

Kisha akaja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa simu tunayemwita Mtaalamu. Alikuja kuniwekea programu ya wingu kwenye kompyuta yangu ya kazini, ili ukoo ukusanye picha za zamani za kuonyesha kwenye sherehe ya baba mkwe na mama mkwe: miaka arobaini na mitano ya ndoa. Programu ikauliza isawazishe folda zipi, yaani zipi ziende kwenye simu za ukoo mzima. Mtaalamu akabonyeza "Zote", akamalizia maji yangu ya kunywa, akaenda zake.

Neno "zote" nimelichukia tangu siku hiyo.

Maana Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya sherehe, watu kumi na mmoja walifungua simu zao kutafuta picha za harusi wakakuta wamekufa.

"Ugonjwa mfupi?" Shangazi Redio alikuwa anasema simuni. "Baada ya yote niliyoifanyia familia hii, nimekufa kwa ugonjwa mfupi?"

"Shangazi, shikamoo."

"Usiniamkie! Maiti haiamkiwi!"

Akakata.

Nikampigia Mtaalamu. Alipokea akiwa na bisibisi mdomoni, nikajua kwa jinsi alivyokuwa anatamka.

"Shemeji, tulia," akasema. "Fungua mipangilio. Kuna mahali pameandikwa 'Chagua folda'. Umepaona?"

"Nimepaona."

"Kila folda ina kisanduku chenye tiki. AKIBA ina tiki?"

"Inayo. Inanichekea."

"Iondoe."

Nikaiondoa. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika.

"Inauliza kama nina uhakika."

"Na unao?"

"Mimi? Tangu nioe sijawahi kuwa nao."

"Bonyeza ndiyo, shemeji."

Chini ya swali palikuwa na maandishi madogo yaliyoanza "Folda hii itaondolewa..." Sikusoma zaidi. Neno "itaondolewa" lilinitosha. Nikabonyeza.

AKIBA ikatoweka mbele ya macho yangu. Nikaitafuta huku na huko, haipo. Nilisimama nikacheza kidogo kati ya mashine ya kukata karatasi na meza ya kubandika. Bosi wangu akanitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kuhesabu bahasha.

Furaha yangu haikumaliza hata dakika tatu. Simu ikalia. Ujumbe wa Shangazi Redio: "Na nani kakwambia mimi nilikuwa MPOLE NA MKIMYA?"

Nikampigia tena Mtaalamu.

"Shemeji, bado anasoma!"

"Ndiyo, atasoma."

"Si nimeondoa tiki?"

"Umeondoa. Ukiondoa tiki, folda inatoka kwenye kompyuta yako. Kule kwenye wingu ipo palepale. Na kwenye simu za watu ipo palepale."

"Kwa hiyo nani hanayo sasa hivi?"

Nilisikia bisibisi ikiwekwa mezani.

"Wewe," akasema.

Nawaomba msome hapo mara mbili, kama nilivyosikia mimi mara mbili. Ukoo mzima ulikuwa na siri yangu mfukoni, na mtu pekee aliyekuwa hana ni mimi mwenye siri.

"Basi nikafute huko huko kwenye wingu!"

"Ukifuta folda nzima, wanatuma namba ya siri kwenye simu ya mwenye akaunti."

"Mwenye akaunti nani?"

"Si baba. Sherehe ni yake, nikaifungua kwa simu yake."

Fikirieni wenyewe. Nimpigie baba mkwe nimwambie, Baba, naomba ile namba ya siri nikufute.

Nikiwa bado nalitafuna hilo, mke wangu akapiga. Alikuwa kwao tangu juzi akisaidia maandalizi. Nilijiandaa kulia.

"Nimesoma zote kumi na moja," akasema.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Baba yangu amekufa. Mama yangu amekufa. Shangazi amekufa. Ndugu zangu wote wamekufa, hata huyu Mtaalamu ambaye hajatimiza miaka thelathini. Nimetafuta upande wako, sikuona hata mtu mmoja."

"Si kwamba..."

"Kwenu hamfi?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mwenzangu, upande wangu wakifiwa wanakwenda kwa wachapaji wengine," nikajitetea. "Wanasema mimi nina makosa mengi."

"Kesho utakuja na utakaa mbele ya watu," akasema, "na utaeleza. Kama baba atakuwa bado anataka kukuona." Naye akakata.

Nilikuwa sijaweka hata simu mezani, mlango wa duka ukafunguliwa, Shangazi Redio akaingia na mkoba wake na miwani yake kifuani. Sikupata pa kujificha.

Bosi wangu ni mtu mwepesi wa kutoa pole. Ndiyo maana biashara yake inakwenda. Alimwona mama mtu mzima amekunja uso, akainuka, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Tuko pamoja. Mmefiwa?"

"Tumefiwa," akasema Shangazi. "Nataka ratiba, nakala hamsini, za rangi."

"Pole sana. Marehemu ni nani?"

"Ni mimi."

Bosi alimtazama, akanitazama mimi, akavaa kofia yake.

"Huyu atakuhudumia," akasema, akaokota bahasha za vyeti vya shule, akatoka nazo kwa miguu ingawa ilikuwa zipelekwe Jumatatu.

Shangazi akavuta kiti akaketi mbele yangu, akaitoa simu, akaisukuma chini ya pua yangu.

"Nimekuja turekebishe. Kwanza picha. Hii ni ya kitambulisho, nilipigwa nikiwa nimekasirika."

"Ndiyo, Shangazi."

"Pili, 'mpole na mkimya'. Watu watacheka mazishini. Andika 'mkweli'. Kama nafasi inatosha andika 'mkweli kupita kiasi'."

"Inatosha."

"Tatu, ugonjwa mfupi. Hapana. Andika ugonjwa mrefu."

"Lakini Shangazi, mrefu si unaumia zaidi?"

"Mwandishi," akasema, maana huko ukweni ndilo jina wanaloniita, "ugonjwa mfupi unawapa watu kisingizio. Watasema hatukujua, ilikuwa ghafla. Andika mrefu. Nataka wakikaa pale waulizane, wewe ulikwenda kumtazama? Mimi sikwenda. Wewe je? Waumbuke wote."

Niliandika pembeni ya karatasi: mrefu. Moyo ulianza kutulia. Nilidhani, kama huyu aliye mkali kuliko wote anataka nakala hamsini, labda jambo hili litaishia kwenye vicheko.

"Shangazi, kwa hiyo hujakasirika?"

"Mimi? Sijawahi kuandikwa vizuri hivi. Nilisoma nikalia. Nikajipa pole mwenyewe." Akaifunga miwani yake. "Yangu haina neno. Kazi unayo kwenye ile ya kaka yangu."

"Ina nini?"

"Umeandika, 'Ameacha mjane, watoto saba na wajukuu kumi na wanne.'"

"Sasa?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesahau jina lake.

"Mwandishi. Hebu nihesabie watoto wa kaka yangu."

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Mkubwa, afisa misitu. Wa pili, yule mwalimu. Wa tatu na wa nne, mapacha. Wa tano, mke wangu. Wa sita, Mtaalamu.

Nikarudia. Vidole vikakoma palepale. Sita.

"Mapacha ni wawili?" nikauliza kijinga.

"Mapacha ni wawili tangu dunia iumbwe. Nani wa saba?"

"Shangazi, ni kosa la kuchapa tu!"

"Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu asubuhi hii. Nikasema labda ni kosa. Wakasema Mwandishi anajua kitu." Akainuka akachukua mkoba. "Nimewaambia wote waje kesho mapema, kabla wageni hawajafika. Tuhesabiane."

Akaniacha na mlango ukipigapiga.

Hapa natubu jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Mimi siandiki wasifu mpya. Nachukua wa marehemu aliyetangulia, nafuta jina, naweka jina. Wa baba mkwe niliutoa kwa dereva wa treni mstaafu tuliyemchapishia mwaka juzi. Yule mzee alikuwa na watoto saba. Nilibadilisha jina, nikabadilisha kazi, nikabadilisha wajukuu, saba nikaisahau.

Baba mkwe hakuwahi hata kuendesha baiskeli vizuri. Alikuwa mpima ardhi.

Nikajiambia, bado dawa ipo. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua faili, kufuta saba, kuandika sita. Kila simu ingejirekebisha yenyewe. Kazi ya sekunde tano.

Nikafungua kompyuta. Folda haipo. Si nilikuwa nimeiondolea tiki mwenyewe?

Nikarudi kwenye mipangilio, nikairudishia tiki, kama mtu anayemfuata mkewe aliyemfukuza. Mtandao wa duka letu unajulikana. Faili la kwanza likaingia kwa dakika nne. La Shangazi likaja likiwa limeshahaririwa, "ugonjwa mrefu" tayari ndani, kwa hiyo alikuja dukani kunionyesha tu. La Mtaalamu likaja. La baba mkwe likaja.

Kisha la baba mkwe likaja tena.

Mafaili mawili, jina moja. La pili lilikuwa na maneno ya ziada kwenye mabano: "nakala iliyogongana". Nikafungua la kwanza: watoto sita. Nikafungua la pili: watoto saba.

"Mtaalamu," nikasema simuni, "mbona baba yenu wako wawili?"

"Hapo watu wawili wamelibadilisha, mmoja kabla mwenzake hajalifunga," akasema. "Kompyuta haijui imwamini nani, inaweka zote mbili. Mmoja ni wewe, siyo?"

"Mimi sijagusa hata herufi. Ni nani hao?"

"Haitaji jina. Nyote mnatumia akaunti moja. Inaandika 'Familia' tu."

"Kwa hiyo mtu mmoja wa familia hii anataka sita, na mwingine anataka saba?"

"Mimi usiniingize, shemeji," akasema haraka. "Mimi nilikuja kuweka programu."

Mlango wa nyuma, ule wa kupokelea shehena za karatasi, ukagongwa mara tatu, polepole. Nikafungua.

Alikuwa baba mkwe. Mzee wa watu, mrefu, amevaa miwani ya jua na kofia aliyofumiwa na dada yake. Alinipita bila salamu, akaingia stoo ya karatasi, akanivuta na mimi, akafunga mlango.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Peke yangu. Baba, kuhusu ile folda, naomba unisamehe, mimi..."

Akainua mkono.

"Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, Baba?"

"Vizuri. Usimtaje. Mtu mwenye heshima hamtaji aliyemwambia."

"Baba, hakuna aliyeniambia! Ni kosa. Kulikuwa na dereva wa treni..."

Aliposikia "treni" akashika rafu. Nilidhani anaanguka.

"Kwa hiyo na stesheni unaijua," akasema kwa sauti ndogo.

"Stesheni ipi?"

"Umeandika mwenyewe. 'Hadi mwisho wa maisha yake, honi ya treni ilimgusa moyo.' Niliposoma hapo nikajua huyu kijana anajua yote."

Jamani. Ile sentensi nayo ilikuwa ya dereva. Niliisahau pamoja na saba.

Nilifungua mdomo nimweleze, lakini mzee alikuwa ameshakaa juu ya katoni ya karatasi, ameshavua ile miwani, na machozi yalikuwa yameshatoka. Sijawahi kumwona baba mkwe akilia. Hata siku ya harusi yetu alikuwa anasimamia viti.

"Ilikuwa kabla sijamwoa mama yenu," akasema. "Nilikuwa kijana, napima njia ya reli. Yeye alikuwa anakata tiketi pale stesheni. Tukapendana. Akapata mimba, kwao wakamhamisha. Nilikuja kusikia alizaa mtoto wa kike. Nilimtafuta, nikakata tamaa, nikaoa. Sikusema. Mwaka wa kwanza nikaona mapema mno, mwaka wa kumi nikaona nimechelewa."

"Baba..."

"Nimembeba mtoto yule kifuani kama jiwe. Leo asubuhi nimefungua simu kutafuta picha, nikakuta mtu amenihesabia watoto saba. Hajanilaumu, hajaniuliza. Ameandika tu, saba. Mkwe wangu, nilijiona nimekufa nikiwa mkweli."

Niambieni, wasomaji, nyinyi mngemwambia nini? Mngemwambia kwamba ni uzembe wa kunakili? Mimi nilimshika bega. Nikanyamaza. Ukimya huo ndio dhambi yangu ya wiki hii, na nimekwishaanza kuulipia.

"Nikaogopa, nikafuta," akaendelea. "Nikaandika sita. Nikafunga simu. Nilipofungua tena nikakuta faili la pili, saba imerudi palepale. Nikasema, huyu kijana ana msimamo. Ananikatalia."

"Baba, si mimi niliyeirudisha."

"Usijishushe."

"Wallahi si mimi. Kompyuta yangu ilikuwa haina hata hiyo folda!"

Akanikazia macho. Nikaona jambo hilo likiingia kichwani mwake polepole, kama faili kwenye mtandao wetu.

"Kama si wewe," akasema, "ni nani anayetaka niwe na saba?"

Mlango wa mbele wa duka ukafunguliwa.

"Hodi humu!"

Sauti hiyo tuliijua wote wawili. Baba mkwe, mtu wa miaka sabini na mitatu mwenye magoti mabaya, alichuchumaa nyuma ya katoni za karatasi kwa wepesi ambao hata mapacha wake hawana.

"Sipo," akanong'ona.

Nikatoka, nikaacha mlango wa stoo nyuma yangu umeegeshwa tu, maana kitasa chake hakifungi kutokea nje.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya duka na gauni la sherehe mkononi, ndani ya mfuko wa fundi wake. Ni mama mfupi, mtulivu, mkunga mstaafu. Amewapokea nusu ya watu wa mtaa wetu duniani na nusu iliyobaki inamwogopa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jasho?"

"Mashine zina joto."

Akazitazama mashine. Zote zilikuwa zimezimwa.

"Nilikuwa kwa fundi hapo ng'ambo nikaona nipite. Sitakaa." Akaweka gauni juu ya meza, akalinyoosha pembe. "Nimesoma faili la mzee wangu."

"Mama, ile saba, niache nikueleze, ilikuwa..."

"Kuna mtu aliibadilisha ikawa sita. Mimi nikairudisha."

Nilishika meza. Kutoka stoo nikasikia karatasi ikichakarika, kidogo tu. Nikakohoa kuifunika.

"Wewe, Mama?"

"Mimi. Mtaalamu alinifundisha kubadilisha maandishi nilipokuwa naandika majina chini ya picha. Nilipoona sita nikakasirika. Nikasema, huyu mkwe wetu amekuwa na ujasiri ambao ukoo mzima hauna, halafu mtu anamfutia?"

"Kwa hiyo Mama unajua?"

Alinitazama kwa huruma. "Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu. Mimi ni mkunga. Ninajua kabla ya baba wa mtoto kujua."

Nilijiambia, kumbe jambo limekwisha lenyewe! Mzee amelibeba miaka yote, na mama alikuwa analijua miaka yote. Wakikutana dakika moja tu, wataangua kilio, watasameheana, na kesho nitakula keki kama mkwe mwenye akili. Nilitaka hata kumwita mzee atoke.

"Basi mwambie, Mama," nikasema, nikapaza sauti ili ifike stoo. "Mwambie mzee kwamba unajua. Huenda naye anaumia."

"Nimengoja aseme yeye. Miaka arobaini na mitano namngoja. Kila sikukuu ya ndoa nasema leo atasema, anasema asante kwa chakula." Akaketi kwenye kiti alichokaa Shangazi. "Nilikuwa bado mwanafunzi wa ukunga. Tulipelekwa zahanati moja karibu na kambi ya watengeneza barabara. Akaletwa mama mmoja na uchungu, mpishi wa kambi ile. Nikamzalisha kwa mikono yangu hii. Nikamuuliza baba wa mtoto ni nani niandike kwenye daftari. Akalitaja jina, jina la baba na la babu. Mpima ardhi."

Mpishi? Nikajiuliza. Kambi ya barabara? Mzee si alisema stesheni?

"Miaka miwili baadaye," mama akaendelea, "akaja mtu kwetu kutoa posa. Mpima ardhi, jina lile lile. Nikamwangalia, nikampenda, nikamkubali. Nikasema moyoni, atanieleza mwenyewe. Na yule mtoto sijamwacha. Kila mwaka tunaandikiana. Amekuwa mtu mzima, ana familia, anatengeneza saa. Leo asubuhi nimemwingiza kwenye akaunti yetu ya picha, nikamwambia asome faili la baba yake, na nikamwalika kesho."

"Kesho, Mama? Kwenye sherehe?"

"Kesho. Nimemwambia avae suti ya kijivu wafanane na baba yake. Ni kijana mzuri sana, ana masikio yale yale."

"Suti," nikasema. "Kijana."

"Ndiyo. Kwani wewe aliyekuambia hakukuambia kwamba ni wa kiume?"

Nyuma yangu katoni moja ikaanguka. Kisha ya pili. Mlango wa stoo ukajifungua taratibu, na sauti ya baba mkwe, kavu kama karatasi yenyewe, ikauliza kutoka sakafuni:

"Wa kiume?"

Mama mkwe hakushtuka. Hakugeuza hata shingo. Alilichukua gauni lake, akalilaza vizuri mkononi, akasema kwa sauti ya kutosha kufika stoo:

"Kwani wewe unamzungumzia yupi?"